Fain

Jumanne jioni, Katindo, umeme umekatika tena.
Tunasoma kwa tochi ya simu niliyoiegemeza
kwenye glasi ya maji; ukuta mzima unayumba.
Samnang amevua buti mlangoni kama wafanyavyo kwao,
ingawa nilimwonya: sakafu hii ni ya lava, inakwaruza.

Jina lake, aliniambia, maana yake ni bahati.
Nikacheka. Mtaani kwetu akina Bahati ni watano,
na mmoja tu ndiye mwenye kazi.

Amekuja na neno moja la Kiingereza.
Analishika kwa ncha za vidole, kama kitu alichookota njiani:
linamkuta kila mahali,
na kila mara limevaa nguo ya mwingine.

Asubuhi mkuu wake alimwuliza hali. Akajibu fain.
Hapo hukukosea, nikasema. Kwenu mngejibuje?
Sok sabai. Amani na raha, vyote kwa pumzi moja.
Basi kwenye fain toa raha, nikamwambia,
na amani usiipime kwa kilo.
Ni kufunga mlango bila kuubamiza.

Saa sita, Birere, polisi wa barabarani
alimdai dereva wao. Yeye alisema amandi,
karatasi ya ofisi ikaandika fain.
Samnang akaruka kitini: Kikhmer ni pinei! Ni ndugu?
Si ndugu. Ni watu wawili waliokutana sokoni
wamevaa kitenge cha jora moja.

(Shangazi yangu wa Kigoma husema faini.
Sijui nani alitumwa kukopa siku hiyo:
ghala lilikuwa na uzuri, afya, hata jua la asubuhi,
yeye akarudi na adhabu peke yake begani.)

Ya tatu sikuieleza kwa mdomo.
Nilipitisha kidole juu ya kabati.
Mlima ulikohoa juzi usiku, na majivu yake
hupenya dirisha, chandarua, hata sukari iliyofunikwa.
Laini hivi. Akaandika
kwa herufi zake za vilemba na mikia,
mistari miwili kwa neno langu moja.
Kwao, anasema, salamu haiazimi nguo za vumbi.
Nikamtetea Mwingereza kidogo:
na sisi tunasema kaa,
ukaketi, au ukaungua, au ukabanwa kidole ziwani.

Kisha akafungua ukurasa wa nyuma.
Picha: majani, jiwe, na kati yake
waya usioonekana mpaka uwe umeshakaribia mno.
Mwongozo wa kazi yake unauita fain.
Hapo mwalimu akawa yeye.
Akaokota unywele kwenye mtandio wangu,
akaunyosha mbele ya tochi kwa mikono miwili,
mikono ile ile inayofukua mabomu kwa brashi,
akasema polepole: kama huu.
Akautazama tena. Huu ni mnene.

Nje chukudu ilipita na magunia ya makala,
mbao zikilia mpaka kona.

Nilirudi kwenye matamshi, maana ndiyo ninayolipwa.
Kinywa chake hakina f; hugonganisha midomo,
inatoka p. Ai em pain, akasema.
Tena.
Ai em pain.
Hilo nalo ni neno, nikamwambia. Ni maumivu.
Akalifikiria kama mtu anayepima kiatu dukani,
akanyanyua uso, akauliza
kama ni lazima asahihishe.

Umeme ukarudi. Majirani wakashangilia, redio tatu zikaanza pamoja.
Tulitafuta buti lake la kushoto muda mrefu;
mbwa wa mwenye nyumba alikuwa amelilalia.